Kengeza na Miwani ya Meneja

Wifi yangu anaitwa Kengeza, na kabla hujanikunjia uso, jina hilo alijipa mwenyewe. Ukimpigia simu anapokea kwa kusema, "Kengeza hapa, sema." Alipokuwa mdogo walimwita hivyo kwa kumcheka. Akapigana nao, akachoka kupigana, mwishowe akalichukua jina likawa lake, wakabaki hawana cha kumrushia. Jicho lake la kulia linakutazama wewe. La kushoto lina safari zake.

Mimi nimeolewa na kaka yake. Tunakaa nyumba moja, yeye chumba cha mbele, sisi vya nyuma, na tunachangia jiko, bomba na kamba ya kuanikia nguo. Watu husema wifi na wifi ni paka na panya. Sisi ni paka wawili. Nimegombana naye kwa sababu ya ndoo, kwa sababu ya redio, kwa sababu ya nani kamaliza sabuni akaacha karatasi yake pale pale ili mtu adhani ipo. Kwa hiyo ukinisikia namsifu, ujue sikutumwa.

Kazi yake ndiyo inayowashinda watu kuielewa. Anapima darubini. Si zile za hospitali za kuangalizia vijidudu. Ni hizi za macho mawili, za kuning'iniza shingoni, wanazotumia watazama ndege. Mtaa wa pili kutoka kwetu kuna karakana inayoagiza vipande kutoka nje, mafundi wanaviunganisha, na duka liko upande wa mbele. Wifi aliingia pale kushona mikanda ya shingoni. Siku moja akamwambia mwenye karakana, mtu mzima mpole mwenye miwani ambaye wote humwita Mzee, kwamba mkanda anaoshonesha utawachinja watu. Mzee akamuuliza amejuaje. Akamjibu, "Nimeuvaa tangu asubuhi."

Tangu siku hiyo hakuna darubini mpya inayofika dukani bila kupita kwake. Hapimi vioo. Vioo, na kama mirija yote miwili inatazama mahali pamoja, hayo ni ya fundi mkuu na vyombo vyake. Yeye anapima mkono, shingo na pua. Anataka kujua inashikika vipi, inaanza kuchosha lini, na mtazama ndege akiipokea pale dukani ataing'ang'ania au atairudisha kabatini kwa adabu.

Sasa sikiliza anavyoipima. Anaivaa nyumbani. Anasema mtazama ndege anavaa sana na kutazama kidogo, maana ndege hana miadi na mtu. Basi anaamka nayo, anapika nayo, anafagia nayo, anafua nayo. Ukimkuta kainama kwenye beseni, darubini inaning'inia juu ya povu, utadhani anatafuta doa. Hapo anaangalia kama inamgonga kifua. Anaikamata kwa mikono yenye sabuni aone kama itamponyoka. Anakizungusha kile kigurudumu cha katikati, cha kufanya picha itulie, kwa kidole kimoja huku mkono wa pili umembeba mwanangu wa mwisho. Mtoto akirusha mateke na kigurudumu kikagoma, darubini imefeli. Moja aliikataa kwa sababu ilimnasa nywele. Nyingine aliikataa kwa sababu kifuniko chake kilitumbukia kwenye sufuria ya mboga, na mboga ile tuliila.

Majirani walilalamika. Walikuja kwangu, si kwake, maana mimi ndiye wanayedhani nina busara.

"Wifi yako anatuchungulia," wakasema.

"Macho hayana pazia," nikawajibu. "Lakini na nyinyi hamna jipya la kuchunguliwa."

Yeye alipita wakati huo huo na beseni lake. "Niwachungulie nini? Nguo zenu zote nazijua, zinaning'inia kamba inayopakana na yangu."

Kule karakanani mafundi wana neno lao. Darubini ambayo mirija yake haikubaliani, ambayo ukiitazamia unaona ndege wawili mahali pa mmoja na kichwa kinaanza kuuma, wanaiita kengeza. "Hii kengeza, rudisha." "Leo kengeza zimezidi." Siku ya kwanza wifi alipoingia wakiwa katikati ya maneno hayo, wote walinyamaza wakajifanya wanatafuta bisibisi. Akawaambia, "Endeleeni. Hizo ni kengeza za kurudishwa. Mimi ni kengeza wa kubaki." Na akabaki.

Mwisho wa wiki huenda kwenye mabwawa ya majitaka, nje kidogo ya mji. Ndege hawachagui harufu, na watazama ndege wakishawazoea ndege huwa hawachagui pia. Huko kila mtu anamjua. Wanamwonyesha ndege naye anawaonyesha, na akikosea jina wanamsahihisha bila haya, naye vilevile. Anarudi jioni akinuka, amefurahi, nami namwambia aoge kabla hajagusa kiti changu.

Halafu akaja Meneja wa Mauzo. Huyu ni mtanashati, wa kunukia kabla hajaingia, na maneno yake yote yamepigwa pasi. Alikuja kwa ajili ya darubini mpya ya rangi ya majani, nyepesi, ya kwanza kubeba jina la karakana yenyewe. Mzee aliiweka roho yake yote kwenye darubini hiyo. Wifi naye aliipenda. Alikaa nayo shingoni mpaka nikasahau anavyofanana bila mkanda. Ilitulia kifuani, ilikaa vizuri kwenye viganja vidogo, kigurudumu kilitii hata mtoto alipopiga mateke. Akaenda kwa Mzee akasema neno moja: "Inafaa." Meneja akalichukua neno hilo akachapisha matangazo: imepimwa na mtazama ndege wetu wenyewe. Ikapangwa kwamba darubini itazinduliwa kule kule mabwawani, mbele ya watazama ndege, na Mzee akataka wifi ndiye awatie watu darubini mikononi.

Meneja akamwita pembeni.

"Dada, usinielewe vibaya," akaanza.

Wifi huniambia kila siku kwamba mtu akianza hivyo, ujue umeshamwelewa vizuri.

"Biashara ni picha," Meneja akasema. "Watu wanakuja kununua macho. Wakikuona wewe, kwa lile... kwa hali yako, watajiuliza." Akatoa mfukoni kibweta, ndani yake kuna miwani ya jua, mikubwa, myeusi. "Vaa hii. Siku ile tu. Ni zawadi."

Wifi akaja nayo nyumbani akaiweka mezani. Mimi nikasema aivunje, na kama hana nguvu nimsaidie. Mume wangu, ambaye amani kwake ni kila mtu kunyamaza isipokuwa redio, akasema, "Vaa tu dada, siku moja si kitu. Kazi ni kazi."

Wifi akatutazama wote wawili kwa mpigo, jambo analoliweza. "Nitaivaa," akasema.

Nilikasirika. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu ya kwenda kumtolea Meneja, na sasa mwenye vita anasalimu amri. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Nani kasalimu amri? Nitaivaa, na nitaivua mbele ya watu wote, nimtazame. Lakini kitu cha kuvaliwa hakiendi kwa watu bila kuvaliwa nyumbani kwanza." Kesho yake akaamka na miwani usoni na darubini shingoni. Watoto wangu wakasema shangazi amekuwa nzi.

Alikuwa anaanika shuka wakati yangeyange alipotua juu ya ukuta wa jirani, mweupe kuliko shuka zetu zote. Wifi akainua darubini kwa mazoea, miwani ikiwa usoni. Akaishusha. Akaiinua tena. Akaifuta kwa pindo la gauni akaiinua mara nyingine.

"Wifi, njoo."

"Nina kitunguu mkononi."

"Njoo na kitunguu chako."

Nikaenda. Akanivisha miwani, akanitia darubini mikononi. "Tazama yule ndege. Unaona nini?"

"Giza. Katikati kuna tundu. Kwenye tundu kuna mguu."

Akanivua miwani. Nikatazama tena, na yangeyange akawepo mzima, na ukuta mzima, na jirani akinitazama mimi.

Hapo akanionyesha. Kuna pete mbili za mpira unazoegemezea macho. Kwenye darubini hii zilikuwa ndefu na ngumu, hazikunjiki, hazishuki. Kwa asiyevaa miwani ni nzuri mno, jicho linakaa mahali pake. Kwa mwenye miwani, kioo cha miwani kinagota kwenye mpira, jicho linabaki mbali, na dunia yote inakuwa tundu.

Akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. "Nimeipitisha mimi," akasema.

"Hujavaa miwani maisha yako yote. Ungejuaje?"

"Nusu ya watu wa mabwawani wana miwani, wifi. Nawaona kila wiki. Nawaona na sikuwaona."

Aliona aibu, na mimi nikamwonea huruma, jambo ambalo si kawaida yetu. Sikujua niiweke wapi huruma ile, nikaishia kumalizia kuanika shuka zake. Aibu yake haikukaa sana. Aliinuka, akachukua miwani na darubini, akatoka kwenda karakanani na povu bado likiwa kwenye viwiko.

Mambo ya kule aliniambia yeye, na fundi mkuu baadaye akaniambia hayo hayo, kwa hiyo nayaamini. Alimkuta Mzee na Meneja wakipanga meza ya uzinduzi. Akawaeleza. Meneja akamsikiliza huku akitabasamu, halafu akasema, "Yaani wewe ndiye unayetuambia hatuoni? Wewe?"

"Macho yangu hayaendi pamoja, sikatai," wifi akasema. "Lakini mkono wangu, shingo na pua vinaenda pamoja, na ndivyo vilivyopima hiyo uliyoitangaza. Miwani yako hii hapa. Vaa uone."

Meneja hakuivaa. Mzee ndiye aliyechukua darubini. Akaipandisha miwani yake juu ya paji la uso kama afanyavyo siku zote, akatazama nje ya dirisha. "Mbona safi?"

"Mzee, shusha miwani."

Akaishusha. Akatazama. "Lakini darubini zote ziko hivi," akasema. "Mimi tangu ujana wangu napandisha."

"Na ndege akiruka wakati unapandisha?"

"Huwa ameshakwenda," Mzee akasema, na kwa jinsi alivyosema, nadhani alikuwa anawakumbuka mmoja mmoja.

Lakini Mzee naye ni binadamu. Darubini zilikuwa zimeshaunganishwa, maboksi yamepangwa mpaka darini, watu wamealikwa. Akasema mzigo unaofuata utarekebishwa, huu wa sasa uende kama ulivyo, na siku ya uzinduzi tusiharibu. Meneja akaongeza la kwake, bila pasi safari hii. "Utavaa miwani, utagawa darubini, utatabasamu. Ukitia neno, unarudi kwenye mikanda. Na hakuna atakayeshangaa. Watasema tulikosea tangu mwanzo kumpa mtu kama wewe kazi ya darubini."

Hilo ndilo lililomkaa. Kurudi kwenye mikanda angekuvumilia, mikono yake haijasahau sindano. Lakini akisema alikosea, kosa litapelekwa kwenye jicho lake. Asiposema, watu wa mabwawani watanunua tundu kwa sababu ya neno lake. Mume wangu akasema anyamaze. Mimi nikamenya vitunguu vitatu ambavyo hakuna aliyeviomba, na wifi akauliza kama naumwa.

Siku ya siku nilikwenda na mtoto mgongoni. Meza imetandikwa kitambaa, darubini za rangi ya majani zimepangwa, harufu ya majitaka iko pale pale kwa sababu Meneja hakuweza kuipiga pasi. Watazama ndege walikuja na kofia zao na viatu vyao vya matope. Nikaanza kuangalia nyuso, kitu ambacho sikuwahi kukifanya, na kila nilipotazama niliona miwani. Mingine minene, mingine ya kamba, mmoja umefungwa kwa plasta sikioni.

Meneja akaongea kwa muda wake. Kisha akasema, "Na sasa mpimaji wetu." Wifi akasimama na ile miwani myeusi. Watu wake wakamshangaa, mmoja akauliza kama anaumwa macho.

"Siumwi," akasema. "Ngojeni nitafika huko. Hii darubini mimi ndiye niliyesema inafaa. Wenye miwani, naomba mzichukue. Tazameni ukingoni pale, kuna kitwitwi anatikisa mkia. Msipandishe miwani."

Wakazichukua. Wakatazama. Mama mmoja, mwalimu mstaafu mwenye miwani mizito, akaishusha darubini akaikagua kama daftari la mwanafunzi mvivu.

"Mimi naona tundu la ufunguo," akasema.

"Na mimi nililiona," wifi akasema. "Nililiona kwa miwani hii, niliyopewa nifiche jicho langu." Akaivua. Akamgeukia Meneja, jicho la kulia likamtazama yeye, la kushoto likatutazama sisi tuliobaki. "Hili hapa. Ni kengeza. Mnalijua, mmekuwa nalo hapa kila wiki, na halijawahi kumkosea mtu darubini. Aliyekosea ni mimi mwenyewe. Sivai miwani, na sikuwafikiria wanaovaa. Asiyevaa miwani aichukue, naipitisha kwa mikono miwili. Anayevaa, siipitishi. Na tangazo likisema imepimwa na mimi, mjue mpimaji amesema hivyo."

Meneja akacheka kicheko cha kuombea watu msamaha. "Jamani, mtuwie radhi. Dada yetu ana matatizo ya macho."

"Matatizo ya macho ninayo mimi," mwalimu akasema, na akairudisha darubini mezani, polepole, ikiwa imetazama upande wa Meneja.

Usifikiri walipiga makofi. Baadhi wasiovaa miwani walinunua. Wengi walirudisha darubini zao mezani kwa adabu ile ile wifi anayoiogopa. Mzee alikaa kwenye kiti chake akitazama maji. Nilimwonea huruma hata yeye, lakini sikwenda kumwambia. Tulirudi nyumbani kwa miguu, wifi akiwa mbele, na hakuna aliyemwambia pole kwa sababu alikuwa anatembea kama mtu ambaye hataki kuambiwa.

Wakamrudisha kwenye mikanda. Alikwenda. Alipiga msumari ukutani juu ya meza yake ya kushonea, akatundika ile miwani myeusi mahali ambapo Meneja akipita lazima aione. Meneja akamwambia aitoe. Akamjibu kwamba zawadi haidaiwi, na akaendelea na mshono wake.

Wa kwanza kuja alikuwa fundi mkuu. Alikuja na darubini moja ya rangi ya majani ambayo alikuwa ameing'oa ile mipira migumu akaitia mingine, laini, inayokunjika chini. Akasimama mbele ya meza.

"Nijaribie," akasema.

"Mimi ni wa mikanda. Muulize Meneja."

Fundi hakwenda kwa Meneja wala hakuondoka. Wifi akamwacha asimame mpaka mshono ulipofika mwisho, akakata uzi kwa meno, ndipo akanyoosha mkono. Akaitundua miwani, akaivaa, akatazama. Halafu akaenda nayo nyumbani, na kwa mara nyingine darubini ikafua nguo zetu. Aliporudi nayo, Mzee alikuwa anamsubiri mlangoni. Mzee akatazama na miwani yake machoni, bila kuipandisha. Fundi anasema alitazama kwa muda mrefu sana kunguru wa kawaida tu.

Basi wifi akarudi kwenye kazi yake. Maboksi yale yote yalifunguliwa, mipira ikabadilishwa, na mafundi walinung'unika wiki nzima. Meneja yuko bado. Hakuomba radhi, na wifi hakungojea. Tangazo jipya lilipotengenezwa Meneja alimwomba akae upande, picha ichukue shavu la kulia peke yake. Wifi akakaa upande kama alivyoombwa, na mpiga picha alipobonyeza akageuka.

Picha hiyo iko dukani sasa, kubwa, dirishani. Juzi nilikuwa nimesimama mbele yake na mtoto, nikimngojea wifi atoke tukagombanie sokoni. Mteja mmoja akasimama kando yangu, mtu mwema, wa kutaka kufurahisha. Akasema mama wa kwenye picha amependeza, ila mpiga picha hakumtendea haki, kamchukua vibaya mpaka jicho linaonekana kama limekwenda kando.

"Mpiga picha hana kosa," nikamwambia. "Hilo ni kengeza."

Akaona haya kwa niaba yangu. "Usiseme hivyo, mama."

Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Wahenga hawakukaa nyumba moja na wifi yangu. Mimi nampenda, na kengeza naliita kengeza.